Mobutu, Mercedes na shaba ya Likasi: maisha ya rais yakisomwa kupitia magari yake

Barabara ya Taifa namba 1 inapokatiza Likasi, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, magari ya kila aina hupita: malori ya madini yaliyofunikwa maturubai, Toyota kuukuu zilizotoka Japani na kuingia kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa, na mara moja moja gari refu jeusi lenye vioo vya giza. Watoto hulikimbilia kando ya barabara. Wazee hawakimbii. Wao huuliza swali moja tu: la nani hilo?

Swali hilo lina historia ndefu hapa kwetu, na hakuna jina linalobeba historia hiyo kuliko la Joseph-Désiré Mobutu, aliyejiita baadaye Mobutu Sese Seko, mtu aliyetawala nchi hii kuanzia Novemba 1965 hadi Mei 1997. Wengi wanamkumbuka kwa kofia ya ngozi ya chui, fimbo na abacost. Lakini maisha yake yanaweza pia kusomwa kupitia magari aliyopanda, magari aliyogawa na barabara alizoziacha zife. Kwa mji wa Likasi, uliomlipia sehemu ya magari hayo kwa shaba yake, habari hiyo si mchezo.

Mtoto wa mpishi

Mobutu alizaliwa Lisala, kando ya mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mpishi wa hakimu wa Kibelgiji. Mke wa hakimu huyo alimpenda mtoto na kumfundisha Kifaransa. Baba alifariki Mobutu akiwa na miaka minane, na mama yake, Marie-Madeleine Yemo, akabaki kumlea kwa msaada wa ndugu. Katika Kongo ya wakati ule gari lilikuwa la mzungu. Mwafrika alilisukuma likikwama, alilifua, na akibahatika aliliendesha kwa niaba ya bwana wake.

Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa wamisionari huko Coquilhatville, mji tunaouita leo Mbandaka, alitoroka kwa meli hadi Léopoldville. Adhabu yake ilikuwa kufukuzwa shuleni na kupelekwa jeshini, katika Force Publique, kwa miaka saba. Jeshini alijifunza ukarani na uhasibu huko Luluabourg, akapanda hadi ngazi ya mwisho ambayo mtu mweusi aliruhusiwa. Alipotoka jeshini mwaka 1956 akawa mwandishi wa habari Léopoldville. Mwaka 1958 alifika Bruxelles wakati wa Maonyesho ya Dunia, akaona Ulaya kwa macho yake: majumba, viwanda, na barabara zilizojaa magari ya watu wa kawaida.

Siku ya mkesha wa uhuru, tarehe 29 Juni 1960, mfalme Baudouin alipita katika mitaa ya Léopoldville akiwa amesimama ndani ya gari la wazi pamoja na Rais Kasa-Vubu. Kijana mmoja, Ambroise Boimbo, alijitokeza kutoka kwenye umati na kumnyang'anya mfalme upanga wake. Mpiga picha Mjerumani Robert Lebeck aliinasa picha hiyo, na dunia nzima ikaiona. Somo lilikuwa wazi kwa kila mwenye tamaa ya utawala: mkubwa akiwa ndani ya gari huonekana na watu wote, lakini gari la wazi halimkingi.

Mobutu alilielewa. Ndani ya miezi michache alikuwa kanali na mkuu wa majeshi. Tarehe 14 Septemba 1960 aliwaweka kando wanasiasa, na Patrice Lumumba, aliyekuwa amempa nafasi yake ya kwanza, akaishia kuuawa Katanga mwezi Januari 1961. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akachukua nchi nzima.

Magari ya wakubwa wa dunia

Miaka hiyo ya 1960 ilikuwa miaka ya ushindani mkali kati ya watengenezaji wa magari ya kifahari. Mwanzoni rais wa nchi mpya ya Afrika alikuwa na njia nne hivi za kujionyesha.

Njia ya Uingereza ilikuwa Rolls-Royce. Phantom V, iliyotoka mwaka 1959, ilikuwa na injini ya silinda nane ya lita 6.2, na bodi yake iliundwa kwa mkono na mafundi wa karakana maalumu. Sifa yake ilikuwa utulivu na heshima ya kifalme; mbio halikuwa jambo lake. Jijini Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa, imehifadhiwa Rolls-Royce iliyotumiwa na utawala wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Inaonyesha jinsi gari la mkoloni lilivyorithiwa pamoja na ofisi yake.

Njia ya Marekani ilikuwa Cadillac na Lincoln: ndefu, laini, zenye kung'aa chuma kila mahali. Ziliundwa kwa barabara pana na zilizonyooka, na kwa nchi ambako esansi ilikuwa rahisi kama maji. Kwenye kona na kwenye mashimo ziliyumba kama mtumbwi.

Njia ya Ufaransa ilikuwa Citroën DS. Haikuwa na nguvu nyingi, lakini mfumo wake wa kubebea gari kwa mafuta na hewa uliifanya ipite juu ya mabonde kama inayoelea. Tarehe 22 Agosti 1962, huko Petit-Clamart karibu na Paris, wauaji waliifyatulia risasi DS ya Jenerali de Gaulle na kupasua tairi zake. Dereva aliendelea na safari na kumwokoa rais wake. Tangazo la bure kuliko hilo hakuna kampuni iliyowahi kulipata.

Kisha ikaja njia ya Ujerumani. Mwezi Septemba 1963, katika maonyesho ya Frankfurt, kampuni ya Daimler-Benz ya Stuttgart ilifunua Mercedes 600. Injini yake ya silinda nane na lita 6.3 ilitoa nguvu za farasi 250. Gari hilo la zaidi ya tani mbili na nusu lilifikia kilometa 205 kwa saa, mwendo ambao magari mengi ya michezo ya wakati ule hayakuufikia. Lilisimama juu ya mito ya hewa badala ya springi za chuma. Vioo, viti, hata kifuniko cha buti havikuendeshwa kwa umeme, bali kwa mafuta yenye mgandamizo mkubwa yaliyopita katika mirija midogo, hivyo kila kitu kilifunguka na kufungwa bila kelele. Aina ndefu, iliyoitwa Pullman, ilizidi meta sita.

Hadi mwaka 1981 zilitengenezwa 2 677 tu. Papa Paulo wa Sita alipewa moja. Tito wa Yugoslavia na Kim Il-sung wa Korea Kaskazini walikuwa nazo. Ukomunisti na ubepari viligombana juu ya kila jambo, ila juu ya gari la rais vilikubaliana.

Hapo ndipo nyota yenye ncha tatu ilipogeuka kuwa alama ya utawala katika bara letu. Watu wa Kenya waliunda neno ambalo Waswahili wote walilielewa mara moja: wabenzi, kabila jipya lisilo na kijiji wala mababu, linalotambulika kwa gari lake tu. Mobutu akawa mmoja wa wateja wakubwa wa nyota hiyo. Msururu wa Mercedes ulimfuata kutoka jumba moja hadi jingine, kama vile msururu wa waimbaji na wacheza ngoma wa chama chake cha MPR.

Shaba inalipa

Fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo Likasi inapoingia.

Wabelgiji waliuita mji huu Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa Société Générale na Union Minière. Mwaka 1966 mji ulirudishiwa jina la Likasi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mobutu aliinyang'anya Union Minière mali zake zote za Kongo, na kampuni ya taifa ikazaliwa, ile ambayo baadaye ilipewa jina la Gécamines. Viwanda vya Shituru na Panda, vilivyosafisha shaba na kobalti, vikawa vya taifa. Wakaaji walishangilia, na walikuwa na sababu. Kwa mara ya kwanza utajiri wa ardhi yao ulionekana kuwa wao.

Kwa miaka michache hesabu ilikubali. Vita ya Vietnam ilipandisha bei ya shaba. Sarafu mpya ya zaire iliyoanzishwa mwaka 1967 ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Mfanyakazi wa Gécamines alikuwa na nyumba ya kampuni, hospitali, shule ya watoto na mgao wa unga kila mwezi. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba; mkoa mzima ulibatizwa jina la bidhaa yake.

Mwaka 1974 ulikuwa kilele. Mwezi Machi timu ya taifa, Leopards, ilichukua Kombe la Afrika nchini Misri, na Ndaye Mulamba akafunga mabao tisa, rekodi ambayo ingali inatajwa. Mobutu aliwazawadia wachezaji nyumba na gari la Volkswagen kila mmoja. Mwezi Oktoba Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, kila mmoja akiwa ameahidiwa dola milioni 5.

Angalia vizuri zawadi ile ya wachezaji. Rais alipanda Mercedes. Mashujaa wake walipewa Volkswagen. Magari yote mawili ni ya Kijerumani, lakini ngazi zilibaki wazi. Gari halikuwa usafiri tu, lilikuwa cheo. Miezi mitatu baadaye, kwenye Kombe la Dunia huko huko Ujerumani, Leopards walifungwa mabao 14 katika mechi tatu bila kupata hata moja, na zawadi zikaishia hapo.

Zawadi yenye magurudumu manne

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alikuwa ametangaza sheria ya kuwapa Wazaire maduka, mashamba na karakana za wageni. Huku Katanga, Wagiriki, Wareno, Waitaliano na Wayahudi waliokuwa na maduka tangu zamani walifunga masanduku yao. Mali ilikwenda kwa wakubwa wa chama, maofisa na jamaa zao. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwa kwenye rafu, hawakununua nyingine, na fedha zikageuka kuwa magari. Duka likabaki na kaunta tupu, na mbele yake ikaegeshwa Benz mpya.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, zaidi ya nusu ndani ya mwaka mmoja hivi baada ya kilele cha Aprili 1974. Mwezi Agosti 1975 vita ya Angola ikafunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba yetu kwenda bahari ya Atlantiki. Madeni yakaanza kukua. Lakini desturi ya kugawa haikupungua, maana utawala wa Mobutu ulisimama juu yake. Mwanasiasa aliyetii alipata cheo, nyumba na gari. Aliyenung'unika alivuliwa vyote, akakaa nje miezi kadhaa, akaomba msamaha, akarudishiwa. Gari lilikuwa mkopo usioandikwa: aliyekupa ndiye aliyeshika funguo za kweli.

Majirani walichagua njia nyingine. Tanzania, kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, iliwakataza viongozi wa chama kuwa na hisa katika makampuni, nyumba za kupangisha na mishahara miwili. Burkina Faso, baada ya Thomas Sankara kushika utawala mwaka 1983, iliuza Mercedes za serikali na kuwapandisha mawaziri Renault 5, gari dogo la bei nafuu kuliko yote nchini humo wakati ule. Nchi hizo hazikuwa tajiri, na makosa yao yapo. Lakini zilielewa jambo ambalo Mobutu alilipuuza: mwananchi husoma gari la kiongozi kabla ya kusoma hotuba yake.

Mwaka 1978 wafadhili walimtuma mwenye benki wa Kijerumani, Erwin Blumenthal, kusimamia Benki Kuu ya Zaire. Alikaa mwaka mmoja tu. Katika ripoti iliyojulikana mwaka 1982 alionya kwamba rushwa ilikuwa ndio mfumo wenyewe, na kwamba waliokopesha wasitegemee kulipwa. Ujerumani ilimuuzia Mobutu magari, na ni Mjerumani aliyemfunulia hesabu.

Kumiliki ni kutunza

Mtu yeyote mwenye garaji katika komini ya Kikula anaweza kueleza kinachofuata bila kusoma kitabu. Gari la kifahari lina bei mbili. Ya kwanza hulipwa siku ya kununua. Ya pili hulipwa kila mwezi, na ndiyo kubwa.

Mercedes 600 ni mfano mzuri. Ikiwa mpya, hakuna iliyoipita. Lakini mirija yake ya mafuta yenye mgandamizo ikivuja, kioo hakipandi na kiti hakisogei, na fundi asiyefundishwa kazi hiyo huumia mkono. Mito yake ya hewa ikipasuka, gari hulala chini kama ng'ombe mgonjwa. Piesi zinatoka Stuttgart tu. Hata ndugu yake mdogo, Mercedes 450 SEL 6.9 ya mwaka 1975, yenye nguvu za farasi 286 na mfumo wa mafuta na gesi wa kubebea gari, ilihitaji fundi aliyesomea, mafuta safi na barabara ya lami. Katika vumbi jekundu la Katanga na matope ya mwezi Januari, magari hayo huzeeka mara tatu haraka. Ndiyo maana Benz nyepesi za dizeli, zisizo na mbwembwe, ndizo zilizodumu Afrika nzima kama teksi, wakati zile kubwa zilioza nyuma ya nyumba zikiwa makazi ya kuku.

Sasa weka kando gari, utazame mgodi. Kiwanda cha shaba nacho kina bei mbili. Kinahitaji piesi, mafuta, mafundi na fedha ya kuchimba mawe ya juu kabla ya kufikia madini. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470 000 za shaba. Fedha ilikuwepo. Lakini haikurudishwa ya kutosha kwenye mashini. Iliendelea kutoka kwenda Kinshasa, na kutoka Kinshasa kwenda Gbadolite, kijiji cha ukoo wa Mobutu kaskazini kabisa mwa nchi, alikojenga majumba ya marumaru na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kupokea Concorde. Nyingine iliishia Ulaya, katika nyumba kama ile ya Savigny nchini Uswisi na ile ya Roquebrune-Cap-Martin kusini mwa Ufaransa.

Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1993 na 1994 uzalishaji wa Gécamines ulikuwa chini ya tani 50 000 kwa mwaka. Mwenye gari asiyebadilisha mafuta ya injini anajua mwisho wake. Injini haifi siku ile aliyosahau. Hufa siku nyingine, njiani, mbali na nyumbani.

Likasi inalipa

Deni lilipofika, halikulipwa Gbadolite. Lililipwa hapa.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mwezi Septemba 1991 askari wasiolipwa walianza uporaji Kinshasa, na wimbi likafika miji mingine. Kisha, kuanzia mwaka 1992, watu wa asili ya Kasai walianza kufukuzwa Katanga. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière. Walikuwa mafundi, walimu, wauguzi na makarani wa Gécamines. Wanasiasa wa mkoa walichochea, na rais aliyekuwa na jeshi hakulituma kuwakinga, maana ugomvi kati ya Wakatanga na Wakasai ulimpunguzia wapinzani.

Kituo cha treni cha Likasi kiligeuka kambi. Maelfu ya familia zililala hapo kwa wiki na miezi, chini ya maturubai na mabati, zikingoja behewa la kwenda Kasai. Watoto na wazee walikufa kwa magonjwa kituoni na njiani. Mtu aliyekuwa na vyerehani viwili na redio alivibadilisha kwa unga. Katika nchi ambayo rais wake alikuwa na magari asiyoweza kuyahesabu, raia wake waliondoka mjini mwao juu ya mabehewa ya mizigo. Hakuna namna ya kulinganisha magari inayozidi hiyo.

Mwaka 1992 serikali ilichapisha noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, askari waliolipwa kwa noti hiyo wakapora tena mwezi Januari 1993, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa kwa risasi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo sarafu mpya ililetwa, moja ikibadilishwa kwa milioni 3 za zamani. Mshahara wa fundi wa Shituru ulitosha kununua mikate michache. Vijana wakaanza kushuka wenyewe mashimoni na sururu, na kazi ya kuchimba kwa mikono ikawa kawaida.

Mwisho Rabat

Mobutu aliugua saratani ya tezi dume, na mwaka 1996 alikuwa Ulaya kwa matibabu vita ilipoanza mashariki. Majeshi ya Laurent-Désiré Kabila, yakisaidiwa na Rwanda na Uganda, yalivuka nchi nzima ndani ya miezi saba, kwa sehemu kubwa kwa miguu. Lubumbashi iliangukia mikononi mwao mwezi Aprili 1997, na Likasi ikafuata njia hiyohiyo. Barabara ambazo Mobutu hakuzitengeneza ziliwachelewesha wanajeshi wake mwenyewe zaidi ya adui zake.

Tarehe 16 Mei 1997 aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite. Hata huko hakukaa. Aliondoka kwa ndege ya mizigo, na askari wake waliojiona wameachwa waliifyatulia risasi ilipokuwa ikiruka. Alipitia Togo, akafika Moroko, na tarehe 7 Septemba 1997 akafariki Rabat akiwa na miaka 66. Amezikwa katika makaburi ya Wakristo ya mji huo, na mwili wake haujarudi nyumbani. Majumba ya Gbadolite yaliporwa mpaka marumaru, na leo nyasi zimeota katika vyumba alimowapokea wafalme na mapapa wa biashara.

Sedani za leo na swali lile lile

Magari ya wakubwa yameendelea. Mwaka 1989 Toyota, kampuni ya zile gari tunazozijua kila pembe ya Likasi, iliwashangaza Wajerumani kwa Lexus LS 400: tulivu kama Mercedes, haiharibiki ovyo, na bei yake ni ndogo. BMW, Audi na Jaguar wakakaza kamba. Kisha umeme ukabadilisha mchezo. Tesla Model S ilitoka mwaka 2012, Porsche Taycan mwaka 2019, Mercedes EQS mwaka 2021. Sedani hizi huondoka kwa kasi ambayo Mercedes 600 haikuiota, tena bila mlio wa injini.

Kwa mwenye nazo, raha na taabu vimebadilika sura. Hakuna esansi wala kubadilisha mafuta ya injini, na vitu vinavyozunguka ni vichache. Lakini betri ndiyo moyo, na ikifa gharama yake inaweza kuzidi thamani ya gari kuukuu. Nao umeme lazima uwepo. Katika mji ambao umeme hukatika jioni, ingawa nyaya kubwa kutoka Inga zimefika Katanga tangu miaka ya 1980, gari kama hilo ni pambo la uani.

Kwetu kuna hesabu nyingine. Gari la umeme hutumia takriban kilo 80 za shaba, wakati gari la kawaida hutumia kama 20. Betri nyingi za magari ya nguvu kubwa hutumia kobalti, na karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Watengenezaji wanajitahidi kuipunguza, na tayari kuna betri zisizoitumia kabisa. Bei yake hupanda na kushuka kama ile ya shaba mwaka 1974.

Mobutu alipata bei nzuri, akadhani itadumu. Alinunua vitu vinavyozeeka kwa fedha ya vitu vinavyokwisha ardhini, na hakuweka akiba ya kutunza hata kimojawapo. Mwenye gari la kifahari anaweza kufanya kosa hilo na kuumia peke yake. Rais akilifanya, mji mzima hulala kituoni ukingoja treni.

Kwa hiyo gari refu jeusi likipita tena kwenye Barabara ya Taifa namba 1, wazee wa Likasi wana haki ya kuuliza la nani. Na baada ya hapo waulize la pili, lile ambalo wazazi wao walinyamazishwa wasiliulize: barabara linayopitia, na kiwanda kilicholilipia, nani anavitunza?